Wazimba Walioliwa na Kuku

Ulaya kuna wazee wenye mvi na pensheni zao ambao Jumamosi, wakishakunywa chai, hujifungia chumbani wakapigana vita. Si wao wenyewe wanaopigana. Wanaopigana ni vijisanamu vya plastiki au vya risasi, vimepangwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani ili ionekane nyasi. Anayesogeza kikosi anapima kwa futi, inchi nane na si tisa. Anayepiga bunduki anarusha dadu, na dadu ndiyo inayotaja maiti. Kuna kitabu cha kanuni, kuna ugomvi juu ya kitabu cha kanuni, na kuna mke jikoni anayeuliza mambo haya yatakwisha saa ngapi.

Asili yake ni jeshini. Maofisa wa Prussia walianza kufundishwa vita kwa ramani na dadu mwaka 1824, na baadaye raia wakaona kwa nini raha hiyo waile wenye sare peke yao. H. G. Wells, yule Mwingereza wa riwaya, aliuandikia mchezo huu kitabu kizima, Little Wars, mwaka 1913. Vita vyake vilikuwa vya mizinga midogo ya springi iliyorusha vijiti mpaka askari wakaanguka kweli. Mwaka uliofuata watu wazima wakalifanya jambo hilo kwa ukubwa wake halisi, na Novemba 1914 Waingereza wakashusha hapa Tanga jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, kupambana na Wajerumani na askari wao wapatao 1,000. Hesabu zote walikuwa nazo. Walikuja na mizinga yao, wakakuta na sisi tuna mizinga yetu, na yetu ilikuwa na nyuki.

Mimi nimeingizwa humo na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, aliyekwenda Uingereza kusomea uhasibu, akaoa huko, akaota kitambi huko, na huko huko akaambukizwa vijisanamu. Alipoona mjomba wake nimestaafu ukarani wa ghala la mkonge na kutwa niko barazani Ngamiani nahesabu baiskeli zinazopita, akanionea huruma, akanitumia boksi. Ndani yake kulikuwa na Wajerumani wa karne ya 16, askari wa kukodiwa walioitwa Landsknecht, wamevaa suruali zilizochanwachanwa kwa makusudi ili kitambaa cha ndani kionekane. Ni watu wa enzi ya Renesansi, enzi ambayo Ulaya ilikuwa inachora picha nzuri kwa mkono mmoja na kuchinjana kwa mkono wa pili.

Kabla ya kufika nyumbani, Wajerumani hao walilala kwanza kwenye ofisi moja ya vifurushi. Mpwa wangu ni mhasibu, haandiki uongo kwenye fomu. Penye maelezo ya mzigo alikuwa ameandika: wanajeshi 180, farasi 24, mizinga 6. Kijana wa kaunta aliisoma fomu, akanitazama, akaisoma tena.

“Shikamoo mzee. Hii mizinga ina kibali?”

“Marahaba. Ni ya plastiki.”

“Na wanajeshi?”

“Nao plastiki.”

“Sasa si useme tu ni midoli yako?”

Nyuma yangu foleni ilikuwa imesogea ili isikie vizuri. Ilibidi nichague pale pale: niandikwe mwingiza silaha, au niandikwe mzee wa mvi anayeletewa midoli kutoka Uingereza. Mama mmoja aliyebeba kapu la vitumbua alinisaidia. “Mwandikie midoli, mwanangu,” alimwambia kijana, “huyu hata mzinga wenyewe hataunyanyua.”

Gundi ilikuwemo boksini, rangi haikuwemo. Binti yangu akatoa rangi zake za kucha. Kwa hiyo jeshi langu la Kijerumani lilivaa waridi, dhahabu, zambarau na ile nyekundu inayong'aa ya kwendea harusini. Niliogopa kumpelekea mpwa picha, lakini alipoziona alifurahi mno. Alisema nimefanya utafiti, maana Landsknecht hasa ndivyo walivyokuwa, kila mmoja anavaa rangi zinazogombana, na hakuna mkubwa aliyewazuia kwa kuwa hawakuwa na uhakika wa kuiona wiki ijayo. Binti yangu sasa anajiona bingwa wa historia ya Ulaya.

Shida ya pili ilikuwa upepo. Kusi likiingia kwa dirisha la uani, halimwachi Mjerumani amesimama. Tukawagundisha kila mmoja juu ya sarafu ya shilingi 100 ili wapate uzito. Hapo jeshi likaanza kutoroka. Wajukuu waligundua kwamba juu ya meza ya babu kuna akiba, na ubuyu unauzwa ng'ambo ya barabara. Jioni moja mwenye duka alinijia ameshika Mjerumani mmoja mkononi. “Sarafu naipokea,” alisema, “lakini huyu mtu, mzee wangu, sina pa kumweka.”

Na ile mikuki! Mkuki wa Landsknecht wa kweli ulikuwa na urefu kama wa mita tano. Wa kwangu ni waya wa chuma wa sentimita nane hivi, mwembamba, mgumu, umechongoka. Mke wangu aliutazama mmoja kwa makini, akaupeleka jikoni, akazibulia matundu ya jiko la gesi. Tangu siku hiyo nikitaka kupanga kikosi lazima kwanza nipite jikoni kukusanya silaha.

Kisha akaja ustadh wa madrasa ya jirani. Hakuingia. Alisimama kizingitini, akanyoosha shingo.

“Mzee, hivyo ni visanamu?”

“Havina macho, ustadh.”

Ilikuwa kweli. Brashi ya rangi ya kucha ni nene mno kuchora jicho. Ustadh aliinama, akakagua safu nzima, akakubali kwamba havina macho, na akaliacha jambo hilo pale penye kuchukiza bila kuharamisha. Lakini jicho lake lilikuwa limeshaiona dadu. “Na hiyo?” Dadu ni kamari, na mjadala hana. Tukaiweka kando, tukachukua kauri sita: unazirusha, unahesabu zilizolala kifudifudi. Alipopita tena na kutukuta tunarusha kauri na kuulizana nani atakufa, alishika kichwa. Sasa tulikuwa tunapiga ramli. Mwishowe tuliazima dadu kwenye ludo ya wajukuu. Ni dadu ile ile, yenye pande zile zile sita, ila ludo inachezwa hata nyumbani kwa ustadh, na wanawe ndio mabingwa wa mtaa.

Wachezaji wenzangu ni wa baraza letu la kahawa. Yuko mwalimu mstaafu wa historia, ambaye hakuna anayeweza kumwambia kitu kuhusu mwaka wowote. Yuko fundi baiskeli, Msegeju wa Moa, na utaona kwa nini nimetaja kabila lake. Yuko muuza kahawa, ambaye mama yake ni wa Mji wa Kale, Mombasa. Na yuko kijana wa bodaboda, ambaye alikuja siku ya kwanza kumleta mwalimu akashindwa kuondoka.

Tulianza na vita alivyotuchagulia mpwa: Pavia, Italia, tarehe 24 Februari 1525, Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa dhidi ya jeshi la Kaizari Charles wa Tano, ambaye siku hiyo alikuwa anatimiza miaka 25 na hata hakuwepo vitani. Mwalimu alitueleza namna ya kupigana kwa zama zile. Bunduki ilikuwa ya utambi: umimine baruti, ushindilie risasi, ulinde moto wa utambi usizimike, na mvua ikinyesha uanze kusali. Wakati unafanya hayo yote mpanda farasi amekwishafika. Ndiyo maana wenye bunduki walisimama kando ya msitu wa mikuki mirefu na kujificha humo wakipakia. Mchezo unayabeba hayo vizuri sana. Ukishapiga, zamu inayofuata huna bunduki, una gongo.

Fundi alipewa Wafaransa. Alikuwa na mizinga mizuri inayowafumua adui kutoka mbali. Lakini alikuwa pia na farasi, na fundi hawezi kuona kitu chenye mwendo kikakaa bure. Akawatoa farasi wote mbio, mfalme mbele, wakapita mbele ya mizinga yake mwenyewe, na mizinga ikabidi inyamaze isije ikampiga mwenye nayo. Wenye bunduki wakamzunguka mfalme. Farasi akafa, mfalme akakamatwa. Mwalimu alikuwa anacheka machozi: Francis wa kweli alifanya hivyo hivyo, mizinga yake ikaziba mdomo kwa sababu ya farasi wake, na yeye akaishia kufungwa Madrid.

“Basi mfalme yule alikuwa na akili,” alisema fundi, akamimina kahawa.

Hapakuwa na ugomvi. Tulimpeleka mfalme wa Ufaransa kifungoni ndani ya kopo la kashata, tukazungumza habari za Coastal Union, tukaachana salama. Nadhani Pavia ni vita vizuri sana kwa watu wa Ngamiani. Waliokufa hawatuhusu, walioshinda hawatudai.

Balaa alileta mwalimu. Alisema ni aibu watu wa pwani kukaa wanawapiganisha Wajerumani na Wafaransa, hali Renesansi yenyewe ilikuja mpaka hapa ikapanda mwamba. Alisema kweli. Aprili 1498, Vasco da Gama akitafuta Mombasa, meli yake São Rafael ilikwama kwenye mafungu ya hapa Mtangata, ambako leo ni Tongoni, kilomita chache kusini ya mji, pale penye msikiti uliobaki kuta na yale makaburi ya kale zaidi ya 40. Maji yalikupwa, meli ikabaki kavu. Wareno wakawa hawana la kufanya ila kutazama milima ya Usambara kwa mbali na kuipa jina la meli yao, pengine wakidhani haina jina. Ndipo watu wetu wakawaendea kwa mashua na machungwa. Mreno aliyeandika habari za safari ile anasema yalikuwa mazuri kuliko ya kwao Ureno. Waliporudi njia hiyo hiyo Januari 1499 walikuwa wamekwishateketea kwa kiseyeye, hawatoshi kuendesha meli tatu, wakaichoma São Rafael papo hapo. Kiseyeye, ugonjwa ambao dawa yake ni hayo hayo machungwa waliyoyasifu.

Tulilicheza hilo. Bakuli la mke wangu lilikuwa São Rafael, na kikapu cha machungwa ya Muheza kilikuwa machungwa ya Mtangata. Mwalimu aliweka kanuni kwamba meli iliyokwama haitoki mpaka maji yajae, na maji yanajaa kwa kutupa sita. Sita haikutoka. Tulirusha, tukarusha, tukaanza kumenya machungwa kwa kukosa kazi. Fundi alilalamika kwamba watu wa Mtangata waliuza bei ya chini mno. Kwa mtu aliyekwama mwambani unaanza na bei mara nne, kisha unamwonea huruma mpaka mara tatu. Hata sita ilipotoka, mezani hapakuwa na Mreno, hapakuwa na vita. Palikuwa na maganda.

Ilifaa tuishie hapo. Lakini mwalimu alikuwa ameonja, akaleta 1589.

Kwa asiyeijua: mwaka ule amiri wa Kituruki, Mir Ali Bey, alikuwa Mombasa na merikebu tano, amepokelewa vizuri kwa kuwa Mombasa ilikuwa imechoka na Wareno. Machi, Wareno wakaja kutoka Goa na vyombo kama 20, mkubwa wao Tomé de Sousa Coutinho. Na upande wa bara, pale kivuko cha Makupa, walikuwa wamepiga kambi Wazimba, watu waliotoka pande za Zambezi huko chini, wameshapita Kilwa na kuiacha hoi. Wareno wakawashinda Waturuki bandarini, Wazimba wakaruhusiwa kuvuka, na kisiwa kikawa hakikaliki: watu walijitosa majini kukimbilia kwenye vyombo vya Wareno wale wale waliokuwa wakiwapiga jana yake. Mir Ali Bey mwenyewe alikamatwa, akaishia Lisbon. Wazimba wakaendelea mpaka Malindi. Huko walikuwepo Wareno 30 tu chini ya Mateus Mendes de Vasconcelos, na wangeliwa nao, wasingetokea kwa nyuma Wasegeju 3,000 wakawafyeka Wazimba. Haya kayaandika padri Mreno, João dos Santos, katika kitabu kilichotoka 1609, na kayaandika kwa raha ya mtu aliyesimuliwa. Kwa hesabu yake Wazimba walikuwa zaidi ya 15,000, na chakula chao kilikuwa watu.

Mpwa hakuwa na Wazimba wala Wasegeju kwenye boksi lake. Tukatengeneza wetu, kila kimoja kinasimamia watu mia. Wazimba wakawa punje 150 za mahindi. Wasegeju wakawa kete 30 za bao, tulizochukua barazani bila kuaga sana. Waturuki walipewa vifuu vitano vya nazi. Wareno walipewa viberiti 20, kila kimoja kimepakia Mjerumani wa waridi. Wale Wareno 30 wa Malindi walileta shida, kwani kwa hesabu hiyo ni chini ya theluthi moja ya mtu. Tukaweka Mjerumani mmoja aliyekatika miguu.

Fundi alichonga Ngome ya Yesu ya Mombasa kwa mche wa sabuni ya bluu. Ilikuwa kazi ya kutamanika, pembe zimekaa, tundu za mizinga zimetobolewa kwa spoki. Mwalimu alipoiona alipandisha presha. Ngome ilianza kujengwa 1593, akasema, ramani yake kaichora Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na ilijengwa kwa sababu ya misukosuko hii hii ya 1589. Huwezi kupigana ndani ya ngome iliyojengwa kwa ajili ya vita unavyopigana. Fundi akasema kazi yake haibomolewi. Wakabishana mpaka magharibi. Kesho yake, siku ya kufua, mke wangu alipita uani na beseni. Waomani, walipoizingira ngome ya kweli kuanzia Machi 1696, iliwachukua miezi 33 kuitwaa. Mke wangu ilimchukua mashuka mawili. Mwalimu alimwita mwanahistoria pekee wa nyumba ile.

Sasa, kugawana majeshi. Pavia tuligawana kwa dakika moja. Hapa tulikaa mpaka kahawa ikaisha. Muuza kahawa alichukua Mombasa kabla hajaulizwa, akasema lakini Mombasa haikushindwa, ilisalitiwa, na kanuni zizingatie. Wareno hakuna aliyewataka, wakanidondokea mimi kwa kuwa meza ni yangu na Wajerumani ni wangu. Wazimba walionekana watu wa fedheha. Kijana wa bodaboda akapewa kwa sababu ya umri. Fundi alitulia tu, mikono kifuani.

“Wasegeju wanaingia lini?”

“Mwisho kabisa,” alisema mwalimu. “Malindi.”

“Basi nitasubiri. Lakini wanarusha dadu mbili.”

“Kwa kanuni ipi?”

“Tulishinda.”

“Ndiyo tunacheza ili tuone.”

“Mwalimu, tuone nini? Babu zangu walikuwepo.”

Tulianza baada ya adhuhuri, meza ikiwa uani kwenye kivuli cha mkungu. Vyombo vyangu vilikuwa vimeziba mlango wa bandari na Wazimba wamejipanga Makupa safi kabisa, mistari kumi na mitano ya punje kumi kumi, tulipoadhiniwa alasiri. Tukaenda kusali. Kurudi, kuku wa mke wangu alikuwa juu ya meza, mguu mmoja Makupa na mwingine kisiwani, anamalizia. Walibaki Wazimba 40, na hao ni kwa sababu walikuwa upande wa kitambaa uliokunjika.

Kijana wa bodaboda alidai fidia. Mwalimu alifungua kitabu cha kanuni, akapitia tauni, njaa, mafuriko, askari kugoma kwa kutolipwa mshahara. Kuku hakuna. Fundi akakata shauri: “Walioliwa wameliwa. Wamekula watu kutoka Zambezi mpaka hapa, leo kuku mmoja tu mnataka kesi?” Kuku mwenyewe hakuweza kuguswa, alikuwa analalia.

Tukaingiza meza ndani, maana kuku amekwishajua njia. Giza likaingia, na umeme, kama ulivyoamua siku hiyo, ukakatika. Muuza kahawa akapapasa mezani, akaokota kiberiti, akawasha mshumaa. Kilikuwa chombo cha amiri wangu. Niliwakuta Wareno wangu wakuu wamemwagwa kwenye sahani ya kashata, na kiberiti chao kiko mfukoni mwa adui. Nilipinga. Mwalimu akasema chombo cha amiri kuteketea kwa moto ni jambo la kawaida sana katika vita vya majini.

Kuanzia hapo niwaeleze alichokiona bibi wa nyumba ya pili, aliyekuja dirishani kuomba moto. Aliona wazee wanne na kijana mmoja wameinamia meza kwa mwanga wa mshumaa. Juu ya meza kuna kitambaa, vifuu vya nazi, punje za mahindi, kauri kando, na watu wadogo wadogo wekundu, hawana macho, wamechomekwa waya. Alisikia sauti ya muuza kahawa, ambaye humuuzia kashata kila siku, ikisema, “Huyu wa Mombasa nani anataka afe usiku huu?” Na sauti yangu ikajibu, “Mimi.”

Tanga ina sifa zake, na mtu wa Tanga akituhumiwa jambo hilo hawezi kujitetea kwa kusema sisi kwetu mambo hayo hakuna; atachekwa kuanzia Chumbageni mpaka Makorora. Mjumbe wa nyumba kumi alifika na tochi na vijana wawili, na nyuma yao bibi, na nyuma ya bibi nusu ya mtaa. Ustadh aliletwa kama shahidi. Alipoulizwa kama ana habari na shughuli hii, alijibu kwa sauti ya mtu aliyesubiri muda mrefu: “Mimi niliwaambia.”

Mwalimu ndiye aliyetuokoa. Alisimama, akatoa kipindi kizima: Goa, Lisbon, Waturuki, Makupa. Mjumbe alimulika kila alipoonyeshwa. Alimulika viberiti, akamulika mahindi, akauliza kwa nini Wazimba ni wachache hivyo kama walikuwa 15,000. Tukamweleza habari za kuku. Hapo bibi akashusha pumzi, kwa sababu kuku wa mke wangu anamjua, amekwishamlia mchicha. Watu wakaanza kutawanyika kwa masikitiko. Mjumbe hakuondoka.

“Na hawa Waturuki,” alisema, “nani anawachezesha?”

Walikuwa hawana mtu. Akavuta kiti. Alicheza kwa ushujaa mkubwa na dadu mbaya, nikamteka kifuu baada ya kifuu mpaka Mir Ali Bey akabaki peke yake. Kanuni ilimtaka aende Lisbon, yaani kabatini, penye vikombe.

“Haiwezekani,” alisema mjumbe. “Mimi nina mtaa. Siwezi kutolewa hapa bila barua ya ofisi ya kata.”

Tukamwacha Mir Ali Bey kwenye kona ya meza akisubiri barua. Nadhani ndiyo mara ya kwanza utaratibu wetu wa ofisini umemsaidia mtu.

Saa nne za usiku tulifika Malindi. Yule Mjerumani asiye na miguu alikuwa amelala mbele ya ngome ya mchanga, Wazimba 40 waliobakizwa na kuku wanamjia, na fundi baiskeli, aliyekaa amefunga mikono tangu mchana, akafungua mikono. Alipanga kete zake 30 kwa mistari, akazipangusa moja moja kwa kanzu. Aliomba dadu mbili, akanyimwa. Akaitikisa ile moja kwa viganja viwili, akasoma Bismillahi, akarusha.

Moja.

Akarusha kwa ajili ya mstari wa pili. Moja. Wa tatu, mbili. Kijana wa bodaboda, ambaye siku nzima hakuna aliyemsikiliza, alirusha sita mara mbili na kuanza kuziokota kete kwa adabu, akisema “samahani mzee” kwa kila moja. Wasegeju 3,000 walishindwa na mabaki ya kuku.

Fundi alisimama. “Hii dadu ya watoto. Haina elimu.”

“Kanuni ni kanuni, mgosi,” alisema mwalimu, naye midomo inamcheza.

“Kitabu cha padri kinasema nini? Si unacho wewe?”

“Kinasema mlishinda.”

“Basi andika tulishinda.”

Ugomvi huo haujaisha. Francis wa Ufaransa tulimsahau ndani ya kopo siku ile ile, lakini la Malindi huzungumzwa kila jioni. Fundi amewaandikia barua wakubwa wa ukoo wake huko Moa, na jibu lilikuja kwa simu: wanauliza ni nani amesema walishindwa, na anakaa wapi. Kete zilirudishwa barazani baada ya wachezaji wa bao kuja kuzihesabu, wakakuta moja haipo. Mke wangu anasema tumuulize kuku.

Kwa kumtuliza fundi, mwalimu amempa vita vingine. Miaka michache baada ya Malindi, mwanzoni mwa miaka ya 1590, Wasegeju waliipiga Mombasa yenyewe, wakaitwaa, na mtawala wa Malindi akahamia huko. Safari hii wataruhusiwa dadu mbili, na meza itafungiwa ndani tangu asubuhi. Tatizo ni kwamba muuza kahawa ameapa hataichezesha Mombasa tena, na mjumbe anasema bado yuko kwenye masuala ya ile barua.

“Shemeji yako wa Mombasa si anakuja Idi?” aliuliza fundi juzi, huku anakaza mnyororo wa baiskeli yangu, na siku hiyo alikataa kunitoza.

“Anakuja.”

“Anapenda michezo?”

“Hajui lolote.”

“Usimwambie,” alisema fundi. “Mwambie tu aje na njaa, kuna biriani.”